Miezi Mitatu Darasani, Miezi Mitatu Kazini

Nawasalimu nyote, mlio Sake na Mushaki, mlio Rubaya, Nyabiondo na Masisi-kati, na ninyi wa mbali zaidi, Walikale-kati, Mubi, Njingala na Pinga, popote mawimbi yetu yanapofika. Papa na mama mnaoota moto, vijana mliotoka kazini na tope bado miguuni, karibuni. Na kama redio ni moja kwa nyumba tatu, itoeni nje kwenye baraza, tusikilizane pamoja.

Leo nina swali moja, na nitalirudia. Je, kijana wa Masisi au wa Walikale anaweza kufanya kazi na kusomea uhandisi kwa wakati mmoja, na kazi yake ikahesabiwa kuwa masomo? Nasema ikahesabiwa. Maana kufanya kazi huku unasoma si jambo geni kwetu. Nani kati yetu hakubeba mzigo, hakuuza makaa, hakuendesha moto ya mtu mwingine usiku ili apate minerivali? Hiyo ni kazi ya kulipia masomo. Mimi nauliza juu ya kazi ambayo yenyewe ni masomo.

Tuanzie mlimani. Chukueni kijana wa Rubaya, tumwite Bahati, jina la mfano tu. Bahati ana diploma ya serikali ya shule ya ufundi. Alitaka kuendelea chuo kikuu, pesa ikakosekana, akapanda mlimani na pauro. Sasa ni mwaka wa tatu anasafisha koltani. Anamwaga udongo kwenye mfereji, maji yanapita, udongo mweupe unakwenda na maji, na chini kinabaki kitu cheusi. Mwulizeni kwa nini kile cheusi kinabaki. Atawajibu bila kufikiri: kwa sababu ni kizito.

Jibu limekamilika hapo. Sasa tushuke Goma, tuingie oditware ya chuo chochote kinachofundisha mambo ya madini. Profesa anaandika ubaoni somo la kutenganisha madini kwa uzito. Mchanga mweupe una uzito wa mara mbili na nusu hivi ya maji. Kasiterite, ile tunayoyeyusha kupata bati, mara saba hivi. Kwa hiyo ukivipitisha vyote kwenye maji yanayotembea, kimoja kitachukuliwa na kingine kitazama. Mwanafunzi ananakili. Anajua hesabu yake yote, hata mtihani atafaulu. Lakini ukimpa mfereji wa Bahati, hajui maji yapite kwa kasi gani, hajui mfereji ulale kiasi gani, hajui ni wakati gani mzigo unaanza kumtoroka.

Tusonge mbele tena, twende Bisie, Walikale. Wazee wa Njingala wanakumbuka Bisie ya zamani, baada ya 2002, watu wakitoka msituni na magunia mgongoni, mwendo wa siku mbili, na ndege ndogo zikitua kwenye lami ya Kilambo kuchukua mzigo kupeleka Goma. Leo pale pana mgodi wa Alphamin, uliotoa bati lake la kwanza mwaka 2019, na mwamba wake una bati nyingi kuliko karibu mwamba wowote unaochimbwa duniani. Na mashini zake zinafanya nini? Zinasaga mawe, kisha zinayapitisha kwenye vyombo vinavyorusha maji juu na chini, kwenye mifereji inayozunguka kama ganda la konokono, kwenye meza zinazotetemeka. Kizito kinabaki, chepesi kinaondoka. Ni somo la Bahati lile lile, na ni somo la profesa lile lile.

Basi tuna sehemu tatu zenye somo moja. Mlimani kuna mkono bila hesabu. Chuoni kuna hesabu bila mkono. Mgodini kuna vyote viwili, na mara nyingi anayevisimamia ametoka mbali. Walikale mnakijua kilio hiki vizuri kuliko mimi: kazi ya ulinzi na ya kubeba hupewa mtoto wa hapa, kazi ya kuamua hupewa mgeni, kwa sababu mtoto wa hapa hana karatasi. Nami nawauliza tena, kazi ya Bahati ihesabiwe au isihesabiwe?

Kuna jambo jingine linalonifanya niliseme hili kwa uchungu. Ni milima yenyewe. Mwamba wa Rubaya wenye koltani umeoza kwa miaka mingi sana. Ndani yake kuna udongo mweupe laini, kaolini, ule unaopaka mikono kama unga. Ukikauka unasimama wima kama ukuta, unakudanganya. Ukinywa maji unakuwa mzito na unateleza. Ndiyo maana maporomoko huja na mvua, na ndiyo maana tumezika watu wengi kule. Mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi anafundishwa jambo hili mapema kabisa: kila udongo una mlalo wake, ukiukata wima kupita kiasi chake utaanguka, na maji hupunguza kiasi hicho. Anafundishwa kukata mlima kwa ngazi. Anafundishwa kuchimba mtaro juu ya shimo ili maji ya mvua yapite pembeni. Mtaro, ndugu zangu! Mtaro unachimbwa kwa pauro ile ile. Elimu ya kumwokoa mtu iko Goma, pauro iko Rubaya, na katikati kuna barabara tu.

Sasa tuone wenzetu wamefanyaje.

Ujerumani, mji wa Stuttgart, katika miaka ya 1970, viwanda vilisema: vyuo vinatuletea vijana wanaojua kuandika lakini hawajashika kitu. Wakakubaliana na serikali yao kuanzisha masomo ya aina mpya. Kijana anaandikwa kazi na kampuni kwanza, kwa mkataba. Kisha anakaa chuoni miezi mitatu, anakwenda kazini miezi mitatu, anarudi chuoni, anarudi kazini, miaka mitatu hivyo hivyo. Mshahara anapokea muda wote, hata ile miezi ya darasani. Akimaliza ana shahada kamili, na ana miaka ya kazi mkononi. Uingereza nao walianza mtindo wao mwaka 2015: kijana ni mfanyakazi, anajifunza uhandisi akiwa kazini, na gharama ya chuo hailipi yeye.

Mtasema, hao ni Wazungu, wana viwanda. Sawa. Twende Dar es Salaam, kwa watu wa lugha yetu. Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na wanafunzi wake wakapangiwa kwenda kazini kila mwaka wakati wa likizo ndefu, viwandani, kwenye barabara, kwenye mitambo ya umeme, kisha warudi na ripoti yenye alama. Hawakungoja nchi ijae viwanda kwanza.

Na kwetu Kongo? Sikilizeni vizuri hapa, maana wengi hatulijui. Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 ina sehemu nzima juu ya mkataba wa mwanagenzi, yule tunayemwita aprenti: nani amfundishe, mkataba uandikwe vipi, bwana wa kazi ana wajibu gani kwake. Tuna INPP, taasisi ya serikali ya kuwaandaa watu kwa kazi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na waajiri wanaichangia kulingana na mishahara wanayolipa. Na tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia katika mfumo wa LMD, ambamo masomo yanahesabiwa kwa krediti, 60 kwa mwaka. Krediti ni kipimo cha kazi aliyoifanya mwanafunzi, iwe darasani, iwe maabara, iwe kwenye staji, yaani mazoezi ya kazini. Mfumo wenyewe tayari unakubali kwamba staji ina krediti. Kilichobaki ni kuipa staji uzito wa kweli.

Na hapa niseme wazi, staji tunayoifanya sasa haitoshi. Nilisoma umeme. Nilipofika mwaka wa mwisho nilipewa barua ya staji ya mwezi mmoja. Nilikwenda mahali, sipataji. Siku ya kwanza nilikaribishwa vizuri. Siku ya pili nilipewa mafaili niyapange kwa tarehe. Mwezi mzima niliyapanga. Mtambo ulikuwa nyuma ya ukuta, nilikuwa nausikia ukinguruma, na sikuwahi kuufikia. Mwishoni nilipewa karatasi yenye muhuri na alama nzuri sana, kwa ajili ya mtambo nisiougusa. Siwalaumu kama watu wabaya. Mwezi mmoja ni mfupi mno. Mtu mwenye kazi zake hawezi kukukabidhi mashini ya thamani kwa siku thelathini, wakati anajua kwamba siku ya thelathini na moja umeondoka na hutarudi. Mgeni wa mwezi mmoja hupewa kiti. Mtu wa miaka mitatu hupewa bisibisi.

Ndiyo maana naupenda ule mtindo wa miezi mitatu mitatu kuliko mitindo mingine yote. Kuna nchi ambako kijana anafanya kazi siku nne na anakwenda chuoni siku ya tano. Mtu wa Walikale atafanyaje hivyo? Ninyi mnaoijua barabara ya Sake kwenda Masisi hadi Walikale, wakati wa mvua gari linalala njiani siku ngapi? Na hapo barabara iwe wazi, pasiwe na mapigano. Siku moja kwa juma si mpango wetu. Miezi mitatu inawezekana. Unashuka na mzigo wako mara moja, unakaa Goma kwa shangazi, unasoma usiku na mchana, kisha unapanda tena. Mara mbili kwa mwaka unakuwa mlimani, mara mbili unakuwa darasani. Unachokisoma Machi unakigusa Aprili. Na kilichokushinda Juni unamrudishia profesa Julai, naye anajifunza kwako.

Najua swali linalowasumbua akina papa na mama: nani atalipa? Swali halali. Tangu mwanzo wa 2025 Goma imeona benki zikifungwa na uwanja wa ndege ukikaa kimya, na familia nyingi hazina hata ya sabuni. Siwezi kusimama hapa kuwaambia wazazi waongeze kitu.

Sikilizeni basi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kila kampuni inayochimba itenge angalau sehemu tatu kwa kila elfu ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi kando ya mgodi. Kwa kila dola elfu moja, dola tatu. Inaonekana ndogo, lakini mgodi hauuzi dola elfu moja. Fedha hizo zinasimamiwa na chombo ambamo wanakijiji wana wawakilishi wao. Mara nyingi zinatumika kujenga: darasa, kituo cha afya, soko. Ni mambo mazuri, siyapingi. Ila nawaomba ninyi mnaokaa kwenye mikutano ile, mkiorodhesha tena mahitaji, ulizeni: vijana kumi wa hapa wakiandikwa kazi na kusomeshwa uhandisi miaka mitatu minne, ni bei ya madarasa mangapi? Darasa likishajengwa lina thamani gani kama mwalimu wa fizikia hayupo?

Na huko ambako hakuna kampuni inayochimba kwa mashini? Rubaya ni wachimbaji wa mikono. Sheria ile ile inataka mchimbaji awe katika ushirika, na ushirika unaweza kuandikiana mkataba na chuo. Ushirika hauwezi kulipa mshahara mkubwa, lakini unaweza kumwambia kijana: wewe ndiye wa mitaro na wa kupima mlalo wa mlima, posho yako ni hii, na kila miezi mitatu utashuka kusoma. Nadhani ndiyo bima ya bei nafuu kuliko zote ambayo ushirika unaweza kununua.

Wala sisemi tuwapeleke wanafunzi penye risasi. Pale ambapo bunduki ndiyo inayoamua nani achimbe, hakuna masomo yatakayofanyika, na mtoto wa mtu asitumwe. Uhandisi si mashimo tu. Kuna maji ya kijiji yanayotoka kwenye chemchemi kwa mabomba. Kuna madaraja ya mbao yanayobeba malori ya viazi na maharage kutoka Masisi. Kuna karakana za kuchomelea, kuna mafundi wa paneli za jua. Nani alisomea kutengeneza chukudu, gari letu la mbao? Hakuna. Lakini mtengenezaji wa chukudu anajua mti gani unavumilia, gurudumu likae wapi, mzigo uegemee wapi ili mteremko wa Mushaki usimshinde mwendeshaji. Mtoto anajifunza kwa kukaa kando ya fundi miaka miwili. Huo ni uanagenzi wetu wa siku zote, na ni wa heshima. Unachokosa ni yale maswali ya pili: kwa nini? Kiasi gani? Na je, tukibadilisha?

Lipo jambo ambalo lazima tulifunge vizuri kabla hatujaanza, nalo ni hili: mwajiri anaweza kuondoka. Wenye umri mkubwa wanakumbuka SOMINKI, kampuni iliyoshika madini ya Kivu na Maniema tangu 1976. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na kampuni haikupona tena. Fundi aliyejifunza ndani ya kampuni ya namna ile, ujuzi wake wote unajulikana na msimamizi wake tu; msimamizi akiondoka, nani atamshuhudia? Na Machi 2025, vita vilipokaribia Walikale-kati, mgodi wa Bisie ulisimama, wafanyakazi wakaondolewa, kazi ikarudi Aprili. Safari ile ilikuwa majuma machache. Safari nyingine inaweza kuwa mwaka.

Kwa hiyo daftari la staji liwe mali ya mwanafunzi. Lisikae kwenye kabati la kampuni. Kila juma liandikwe: nimefungua pampu, nimebadilisha hiki, nimepima hiki, nimekosea hapa na nimerekebisha hivi. Msimamizi atie sahihi, chuo kitie sahihi. Kampuni ikifunga leo, kesho unaingia chuoni na daftari lako, na chuo kinasema: krediti zako ni hizi, hazipotei, endelea kwingine. Bila hilo, kijana amefungwa kwa mwajiri kama mbuzi kwenye kigingi.

Dada zangu, sijawasahau. Milimani mnaosha na kuchambua, na kule Kamituga mama wanaotwanga mawe wamepewa hata jina la kazi yao. Kutwanga, kuosha, kuchambua: hayo yote ni masomo ya kiwanda cha madini, hatua kwa hatua. Msichana aliyeanza hapo ana haki ya kuuliza njia ya kufika kwenye meza ile inayotetemeka, awe yeye anayeiongoza. Na chuo kikipanga miezi ya kazi kipange pia mahali salama pa kulala. Mzazi hawezi kumruhusu binti bila hilo, na mimi nisingemruhusu wangu.

Nanyi vijana, niwaambie ukweli. Njia hii inachosha. Utatoka kazini saa kumi na moja jioni, mwili umekufa, na hesabu za nguvu na mikazo zinakungoja. Taa ni torshi ya kichwa, chaji ya simu imebaki kidogo na somo liko ndani yake. Wenzako waliokwenda chuo moja kwa moja watakutangulia katika mambo mengine, na wenzako waliobaki mlimani watakuwa na pikipiki mpya wewe ukiwa na madaftari. Yapo majuma utakayotaka kuacha kimoja kati ya viwili. Hapo ndipo unapomhitaji mtu wa chuo anayekufuata mpaka kazini, anayekuja kukuona ukiwa na bota miguuni, siyo anayekungojea ofisini na muhuri. Chuo kisichoweza kumtuma mwalimu wake Rubaya au Mubi walau mara moja kila miezi mitatu, kisisaini mkataba huu.

Muda wangu unakwisha, wapenzi wasikilizaji. Kabla hamjalala naomba kitu kimoja. Wewe uliyefanya kazi ya ufundi zaidi ya mwaka mmoja, iwe shimoni, iwe karakana, iwe kwenye mabomba ya maji, chukua ukurasa mmoja usiku huu. Andika unaweza kufanya nini, ulianza lini, na ni nani aliyekuona ukifanya. Usiandike sifa, andika kazi. Kisha ukipata njia ya kushuka Goma, ingia chuo cha ufundi au INPP, uweke ukurasa huo mezani na uulize: hii kwenu inahesabiwa krediti ngapi? Wakikujibu, tuletee jibu lao hapa redioni, liwe zuri au baya, tulisome kwa sauti Jumanne ijayo, saa hii hii.

Walio na jenereta inayozimwa saa tatu, malizieni kuchaji simu. Usiku mwema Masisi, usiku mwema Walikale.